Njia ya Juu ya Agrilia

Pigadia, Karpathos
Tarehe 12 Agosti

Dada yangu mpendwa Kalitsa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na shemeji Ilias, pamoja na mjukuu mliyembatiza majuzi, Mungu amkuze. Je, goti lako limepata nafuu? Sisi huku tu wazima, ila upepo wa Agosti hautupi nafasi ya kuanika hata leso. Tumo katika mfungo wa Mama wa Mungu, tunakula maharage na nyanya, na kila jioni naenda kanisani kwa sala zake. Despina wako naye ni mzima. Anakula kwa mkono wa kushoto, na ananicheka ninavyomkatia tikiti kama mtoto wa miaka mitatu.

Kwenye simu nilikwambia kwamba gari lilitoka barabarani na binti yako akavunjika mkono. Ni kweli, ila si yote. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ungelia, nami nikisikia unalia ningenyamaza. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado una mdogo wako.

Jumanne ya wiki iliyopita Despina alikuja asubuhi ofisini kwa Vasilis, pale ninapoosha magari ya kukodisha tangu nifiwe na Manolis wangu. Alitaka gari dogo azunguke kisiwa kizima, na kubwa zaidi akione kijiji chetu cha Agrilia na nyumba ya marehemu mama. Vasilis akampa lile jeupe, akamtania kwamba kwetu askari wa barabarani ni mbuzi, asithubutu kubishana nao, kisha akashuka bandarini kupokea wageni wa meli. Mimi nilikuwa nimechutama nikisugua magurudumu ya gari jingine. Despina akatoa kichwa dirishani, akaniuliza kwa Kigiriki chake cha kuokoteza kama njia ya juu inafika Agrilia, maana kwenye ramani aliiona fupi. Mikono yangu ilijaa povu. Nikainua kidevu na nyusi, nikagonga ulimi kwenye meno, kama tunavyokataa sisi sote tangu utotoni. Lakini yeye kalelewa huko kwenu Baltimore, na huko kidevu kikipanda ni kukubali. Akaondoka.

Njia ile unaikumbuka, tulikuwa tukiipita na punda. Siku hizi imepanuliwa kidogo, lakini mvua za Februari ziliimega pale kwenye kona ya kanisa dogo la Mtakatifu Mamas, ikabaki upana wa meza. Magari yote hupita njia ya chini.

Alikuwa ameahidi kupiga simu saa sita mchana. Saa sita ikapita, na saa saba. Nilimpigia, simu haikuita. Nikachukua ufunguo wa gari jekundu bila kumwambia mtu, nikaondoka na aproni yangu kiunoni. Kalitsa, upepo ulikuwa unalipiga gari ubavuni kama mtu anayetaka kuingia. Kushoto mwamba, kulia hewa tupu mpaka baharini. Nilijaribu kusali, sala haikupita meno.

Nililikuta lile jeupe pale konani. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kutoka njiani, tumbo limelala juu ya shina la mzeituni mwitu, na kila upepo ulipovuma gari liliinama na kuinuka. Despina alikuwa ndani, macho wazi, mkono umevimba. Alikuwa amekaa hivyo zaidi ya saa tatu bila kugeuza hata shingo. Aliniambia polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto mchanga: usiguse kitu, mama mdogo, usiguse kitu.

Kwenye buti palikuwa na kamba ya kuvutia magari. Nililala chini nikaifunga nyuma ya lile jeupe na mbele ya langu, nikarudi kinyumenyume mpaka kamba ikakaza, nikavuta breki, nikatia mawe mbele ya magurudumu. Kisha nikamwambia ahamie kiti cha nyuma, mguu mmoja, halafu apumzike, halafu mwingine. Sijui ilichukua muda gani. Mguu wake ulipogusa ardhi, shina likapasuka, lile jeupe likateleza, jekundu likaburutwa hatua moja na kusimama. Tulikaa chini tumekumbatiana.

Tangu siku hiyo mimi ni shujaa. Wanawake wananiletea maandazi ya mboga, Vasilis anasema jeupe limerudi bila taa lakini mtoto karudi na meno yote, atukuzwe Mungu. Mzee Nikitas alimwita Despina mbele ya mkahawa mzima, akamuuliza kama kweli huko kwao kukataa ndiko kukubali. Kwa maana hiyo, akasema, wanawake wote walionikataa ningewasafirisha Baltimore kwanza! Watu wakacheka hadi vikombe vikamwagika. Despina naye akacheka, akasema ujinga ni wake, akaniomba radhi mbele yao kwa kunisumbua. Akaniomba radhi mimi.

Kisha Sevasti, mke wa mwokaji, akauliza lile nililokuwa naliogopa: niliwezaje kwenda moja kwa moja njia ya juu, wakati nilikwisha kumkataza, na mtu yeyote angeanza kutafuta njia ya chini? Kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe, kwamba Mama wa Mungu ndiye aliyeninong'oneza. Wote wakafanya ishara ya msalaba. Na mimi nikafanya.

Dada, hakuna aliyeninong'oneza. Nilijua kwa sababu nilimsikia. Nilipoinua kidevu alitabasamu, akasema asante mama mdogo, basi napita juu. Alisema wazi. Kisha akafunga mkanda, akarekebisha kioo, akatafuta miwani yake ya jua. Nilikuwa na nafasi ya kusimama, ya kupiga kelele, ya kuligonga gari kwa kitambaa. Neno lilikuwa mdomoni. Nikalimeza, nikaendelea kusugua.

Nitakwambia kwa nini, si kwa kujitetea. Muda mfupi kabla nilimsikia akimuuliza Vasilis kama Agrilia kuna fundi wa kupima nyumba. Najua desturi: mali ya mama huenda kwa binti wa kwanza, na nyumba ni yako. Lakini chokaa ya miaka ishirini na miwili nimeipaka mimi, na mama alifia mikononi mwangu kwenye kitanda kile. Nikadhani mnauza. Nikataka barabara imtishe, arudi na gurudumu limepasuka, asitamani tena kufika kule. Sikutaka afe. Lakini anayempeleka mtoto kwenye njia iliyobomoka hapangi atakomea wapi. Na mpaka leo sijamuuliza fundi alikuwa wa nini.

Ijumaa nilitubu kwa Padri Minas. Hakufoka. Alisema Mungu amekwisha kunisikia, lakini si Mungu aliyening'inia pale konani, wala si Mungu aliyemzaa yule binti. Sitapokea Komunyo, hata siku ya sikukuu ya Mama wa Mungu, mpaka niwaambie ninyi wawili, wewe na Despina.

Barua hii sitaipeleka posta kabla sijamwambia yeye, uso kwa uso. Basi ikiwa unaisoma, jua kwamba amekwisha kujua, na huenda hayuko tena chini ya paa langu. Usinisamehe haraka kwa kuwa mimi ni mdogo wako. Niandikie ukiwa na hasira, ila niandikie.

Mbusu mtoto, msalimie shemeji, na Mama wa Mungu awafunike wote. Nasikia Despina anavuta kiti kule barazani. Naweka kalamu, naenda.

Ni mimi mdogo wako,
Marigo