Pedeli za Zeina

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo

Kaka Humoud,

Salamu nyingi kwako na kwa wajukuu huko Maskati. Hapa mvua zimekatika, na mtaa wetu umechimbwa tena. Tikiti ya ndege uliyonitumia imefika.

Lipo jambo ulilonikataza tangu tulipohama Lindi. Ninaendesha baiskeli, mwaka wa tisa sasa. Alinifundisha Mzee Benjamini, fundi wa Gerezani. Kila mwanamke aliyemwendea alimfungulia pedeli, akazitia mfukoni, akamwacha ajisukume kwa miguu kwenye uwanja wa Jangwani. "Ukiacha kutazama tairi, nitakurudishia," alisema. Zangu alikaa nazo wiki sita.

Alifariki Jumanne. Mjane wake alikuta pedeli mbili kwenye koti lake la kazi, za jirani yangu Zeina, muuza viungo, akanikabidhi mimi. Msibani Zeina alininong'oneza, "Dada Moza, nilidhani zimezikwa naye! Nitaisukuma baiskeli kama mkokoteni mpaka lini?"

Wanawake wanane bado wanajifunza, na mwenye kuijua kazi ile nimebaki mimi. Kwa hiyo siji, kaka. Nimemwomba wakala aifute tikiti. Kasirika, kisha uniandikie.

Leo asubuhi Zeina alizunguka uwanja mzima macho yakiwa mbele. Nikachukua spana, nikamfungia pedeli zake, ya kushoto nikiizungusha kinyume, maana hukaza upande huo, kama nilivyofundishwa.

Mdogo wako asiyetazama tairi,
Moza