Ile Karibu Niliyosema

Mama Biira, mke wangu, huko uliko,

Naandika kwa mukono wangu mwenyewe. Nilifika darasa la pili tu, lakini Bwera yote hakuna muzee anashika kalamu kama mimi. Na wewe ulijua hivyo, ulikuwa unakataa tu kusema.

Unakumbuka siku ulirudi kwa semina ya wamama pale Kinyamaseke? Hata viatu hukuvua. Ukaanza: "Baba Biira, Katiba inasema nyumba ya mutu haisakwi ovyo, na mali ya mutu ni yake. Kwa hiyo na sanduku yangu usiguse bila kuniuliza."

Nikacheka. "Katiba ya nyumba hii ni mimi!"

"Basi wewe Katiba, enda teka maji."

Na nikaenda.

Sanduku sijaigusa. Tulipokuzika, Biira alitaka kugawa nguo zako kwa shangazi zake. Nikakataa. Akakasirika, akarudi kwake Kasese, na simu hapigi.

Sasa Jumanne walikuja askari watatu, wanatafuta vitenge vya magendo kutoka Kongo. Karatasi ya korti hawana. Walipindua nyumba yote, mpaka sanduku yako. Mukubwa wao akatoa nguo moja moja, akarundika juu ya kitanda. Mimi niligeuza uso, nikatazama ukuta, maana hukuniruhusu kuona. Mpaka leo ziko pale kitandani. Nalala chini, kwa mukeka.

Kitu hawakupata. Nikawafokea, unanijua, bunduki siogopi: "Afande! Katiba inakataza! Karatasi iko wapi?"

Yule afande akanitazama, akasema polepole, "Muzee, si tulipiga hodi? Si wewe ulisema karibu?"

Nikawasindikiza mpaka mulangoni. Mimi!

Jirani yetu Masika, kila tukikutana njiani, ananisukuma niende korti. "Muzee, sheria iko na wewe, shitaki!" Najua nitashinda. Mimi nikisimama kusema, watu wananyamaza. Lakini wataniuliza kwa nini nilikaribisha watu kabla ya kuuliza ni nani. Nitajibu nini? Kwamba tangu matanga yako yaishe, hakuna mutu alipiga hodi kwa mulango wetu? Kwamba niliposikia sauti, niliitika karibu mara tatu, nikaanza kupangusa kiti?

Wewe nakuambia. Jaji simwambii.

Lala vizuri, mama.

Mume wako,
Baba Biira