Simu Niliyoipokea Ulipokwenda Kuninunulia Tambi

Fereej Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa, baada ya alasiri

Mdogo wangu Sudi,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, na hawajambo wote ulio nao chini ya paa lako? Goti lako je, bado lakusumbua ukishuka ngazi? Sisi huku tuko kwa uwezo wake Mola. Joto limeanza kulegea, na jioni mtu aweza kufungua dirisha bila kupigwa usoni na hewa ya tanuri. Mwanangu Rehema yuko zamu za asubuhi hospitalini kwao, na akirudi hunipima presha kabla hajavua viatu.

Mimi sijambo ya kusema tu. Moyo umechoka. Daktari alimweleza Rehema kwa Kiingereza cha haraka, akidhani kizee hiki hakifahamu. Nilimwachia amalize, kisha nikamsahihisha sentensi moja. Aliona haya, akacheka, akanishika mkono. Lakini nilichokisikia nimekisikia. Ndege nimekatazwa, na nyumbani sitarudi kwa miguu yangu.

Barua hii anakuletea Naomi, mpishi wa nyumba moja huko Abu Hamour, ambaye siku yake ya mapumziko huja kunitazama na bakuli la muthokoi, pure ya kwao ya mahindi yaliyokobolewa, mahindi yenyewe sijui huyapata wapi. Anakwenda likizo, na dada yake yuko Changamwe, si mbali nawe. Nilipomwambia nitampa bahasha alishangaa.

"Mwalimu, barua ya mkono? Siku hizi hata mwizi hutuma ujumbe kabla hajaja."

"Basi huyu ni mwizi wa zamani," nikamjibu.

Akacheka sana, maskini. Hakujua nasema kweli.

Rehema naye ameniuliza kwa nini nisikupigie, au nisirekodi sauti yeye aitume. Nimejaribu, Sudi. Mara ngapi nimekupigia nimeshajipanga, na nikiisikia sauti yako nakuuliza habari za goti. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza kwa mzaha, na mimi siwezi kujificha nyuma ya mzaha wako.

Juzi wifi yangu Saida alinipigia analia. Aliniambia posa ya Mwanasiti imekamilika, nikahi ni baada ya Maulidi, na kwamba wewe, baba mtu, umekataa kusimama walii. Umewaambia wazee wamtafute binamu yetu amuozeshe. Saida alipokubana ukamwambia, "Mimi sina radhi za mama yangu. Nitampa nani mwanangu kwa mkono huu?" Wewe wajua vizuri kuliko mimi kwamba nikahi haiangalii hilo. Lakini najua pia huzungumzi sheria. Unazungumza kitu unachotembea nacho.

Sudi, radhi unazo. Umekuwa nazo tangu Guangzhou.

Naomba usiitupe karatasi. Nitaeleza toka mwanzo, hata yale uyajuayo, kwa sababu nataka Mwanasiti naye ayasome, na yeye alikuwa mtoto mdogo hata hajaanza chuo cha Kurani.

Wakumbuka chanzo. Mama alikuchagulia binti wa mjomba, masufuria ya pilau yakawa yameshainjikwa, wageni wameshaingia, nawe ukaenda kwa mjomba ukamwambia humtaki binti yake, moyo wako uko kwa Saida. Mama alitoka uani na mwiko mkononi akakwambia mbele ya watu, "Radhi zangu huna." Tangu siku ile ukija kumwamkia hakuitikia. Ulikuwa ukisema shikamoo yako, unangoja kidogo, kisha unaweka mfuko wa matunda mlangoni na kuondoka. Mimi nilimsema mama mara nyingi kwa ajili yako. Hilo pia ni kweli, na ndilo lililonifanya nijione mwema muda wote huu.

Nilipostaafu ualimu nikataka kufungua duka la mapazia, ni wewe niliyekuomba tufuatane Guangzhou, China. Ulikuwa umefanya kazi na Wachina wa barabara, ukasema lugha yao unaijua. Unaijua! Hoteli mbili zilikuwa zimeshatukataa kwa kuwa hazipokei wenye pasi za nje. Ya tatu ilikuwa ile ya rahisi, ubavuni mwa kituo cha mabasi, na yule binti wa mapokezi naye akaanza kutikisa kichwa. Ukaweka begi chini, ukaanza. Mimi sikufahamu neno, ila nilimwona binti akiziba mdomo kwa kiganja, kisha akamwita mwenzake aje asikie.

"Umemwambia nini?" nikakuuliza.

"Nimemwambia amwage lami hapa taratibu, halafu ashindilie."

"Ashindilie nini, Sudi?"

"Dada, hayo ndiyo maneno niliyo nayo."

Tukapewa chumba. Vitanda viwili vigumu kama kibao cha kukatia nyama, birika la umeme, ndala za karatasi, na kadi ya mlango iliyobidi ichomekwe ukutani ndipo taa iwake. Tukalifungua pazia tukakuta ukuta mtupu. Dirisha halikuwako. Ukakaa kitandani ukacheka mpaka ukatoa machozi. "Hawa ndio wafanyabiashara, dada. Wameweza kuuza pazia bila dirisha." Sijapata kukuona ukiwa na furaha vile tena, na nitakwambia sababu ni nini.

Siku chache baadaye tumbo langu lilikuwa limekataa kila chakula. Asubuhi tulikuwa tumegombana. Wewe ulitaka turudi nyumbani, ulisema umechoka, Saida yuko peke yake na mtoto. Mimi nilitaka tukae hadi mzigo upakiwe, kwa maana bila wewe pale sokoni nilikuwa bubu. Mwishowe ukanionea huruma. Ukasema, "Lala, nakwenda ng'ambo ya kituo kwa wale Waislamu wa Kichina nikuletee tambi za mchuzi." Ulikuwa mgahawa wenye maandishi ya Kiarabu juu ya mlango, na mzee wake alikuwa akikupa salamu kwa sauti ya kuswalisha.

Ulipotoka tu, simu yangu ikalia. Alikuwa mama.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliniambia amewatoa watu wote chumbani, hataki wasikie. Wamjua mama. Neno alilolitoa mbele ya watu asingeweza kulirudisha mbele yao. Nayaandika aliyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Hadija, mwambie Sudi radhi zangu anazo. Nimemsamehe duniani na mbele ya Mungu, na kama nilimwapiza kwa hasira, Mungu anisamehe mimi. Mwambie anipigie yeye, mimi siwezi kuanza, nitaanzaje? Tena mwambie arudi. Sijihisi vizuri. Nataka aniamkie nimuitikie."

Nikamwambia, "Katoka kidogo, mama. Akirudi nitamwambia."

"Usisahau."

"Nitasahauje, mama?"

Tukazungumza mambo mengine kidogo, salio lake likaisha, simu ikakatika.

Nililala pale nikisikia kipaza sauti cha kituo kikitaja miji nisiyoijua, na nikahesabu mambo yangu. Nikikwambia, utapanda ndege ya kwanza. Mzigo utabaki, nami nitabaki na mikono yangu ya kuonyeshea. Nikajiambia mama amekuwa akisema hajihisi vizuri tangu tuko wadogo. Nikajiambia siku mbili tu, tukishapakia nitakwambia njiani, iwe zawadi. Hilo ndilo neno nililolitumia moyoni mwangu, Sudi. Zawadi. Kana kwamba ilikuwa mali yangu.

Ukaingia na tambi kwenye mfuko wa plastiki, umelowa jasho. Ukaiona simu mkononi mwangu.

"Nani kapiga?"

"Hakuna. Wa dukani walikosea nambari."

Ukanimiminia mchuzi kwenye kifuniko, ukaniwekea mto mgongoni, ukaniambia, "Kula, dada, usije ukafia hapa nikashindwa hata kuwaambia ni nini." Nami nikala. Nilikula zote.

Kesho yake mchana tulikuwa tumerudi kutoka sokoni, unatafuta kadi mfukoni, nikapigiwa na mama mdogo. Mama alikuwa amefariki kabla ya alfajiri ya kwetu, na walikuwa wanamtoa nyumbani. Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hukulia. Ulinitazama kama mtoto anavyomtazama mwalimu anayerudisha karatasi za mtihani, ukaniuliza:

"Dada, alisema lolote juu yangu?"

Hapo ndipo, Sudi. La jana lilikuwa tamaa, na tamaa huenda ingesameheka. Ungepiga kelele, ungenitukana, pengine ungenipiga kofi, lakini ungelia na mama yako akiwa ameridhika nawe. Niliona tu jinsi utakavyonitazama ukijua kwamba jana alasiri alikuwa hai, anangoja simu yako, na mimi nimelala na simu kifuani. Nikasema:

"Hakusema kitu."

Ukaitikia kwa kichwa. Ukasema, "Haya." Kisha ukaniuliza kama nimekunywa dawa yangu ya tumbo.

Sitakuandikia kwamba nilitaka kukuepusha na majuto. Nimejidanganya hivyo kwa miaka, na nilikuwa mwalimu mzuri, najua kulieleza jambo mpaka likasikika kuwa la haki. Nilijiogopea mimi. Baadaye, kila mwaka uliopita uliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi, kwa kuwa sasa ungeuliza, na mwaka jana je? Na juzi je? Ulipofiwa na yule mtoto wenu mchanga ukaniambia kaburini kwamba unajua sababu, nilikuwa nimekushika bega. Nilikushika bega, nikanyamaza. Ulipoacha kuswalisha msikitini kwenu, watu wakidhani ni unyenyekevu, mimi nilijua. Nyumbani kwa mama hujapata kulala chumbani tena hata siku moja, hutandika sebuleni. Hilo nalo nimeliona.

Shahidi wa simu ile sina, ila Mungu, na karibu nitasimama mbele yake kuulizwa. Sina sababu tena ya kukudanganya, wala faida. Nakuapia kwa Yeye ninayemwendea kwamba mama alisema hivyo.

Juzi usiku nilimwambia Rehema, kwa kuwa nilitaka kujua uso wa mtu unakuwaje akiyasikia. Akasema, "Mama, mjomba ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Kila nikianguka alisema ni kosa lake, ana mkosi." Akaenda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Kesho yake aliporudi kutoka kazini alinipima presha kama kawaida, ila hakunitazama. Nimelikubali hilo. Ndilo la kwanza katika malipo.

Sasa ninayoyataka kwako ni haya. Simama walii wa mwanao. Usimpe binamu mkono ule. Ukitaka kuwaeleza wazee sababu, waeleze, wasomee barua hii yote kuanzia salamu mpaka jina langu, na anayetaka kunitaja vibaya anitaje, nimestahili. Mimi ningali hai, ningependa aibu hii niibebe mwenyewe isije ikawaangukia watoto.

Msamaha nauomba, lakini usinipe kwa sababu naumwa. Najua ulivyo. Utasikia "moyo umechoka" na utakimbia kusema yameisha, kama ulivyokimbilia tambi. Usifanye hivyo. Kasirika kwanza. Ukasirike mpaka utosheke, hata kama mimi sitakuwapo mwisho wake. Ukishatosheka, kama kimebaki kitu cha kunipa, nitumie dua. Kama hakikubaki, nitakuwa nimekwenda na deni nililolijua, na hiyo ni afadhali kuliko hivi nilivyoishi.

Nisalimie wifi yangu Saida, na umwombe radhi kwa niaba yangu. Amelala kando ya huzuni ambayo haikuwa na haja ya kuwapo. Nisalimie mama mdogo kama bado anasikia, na binamu yetu, umwambie hahitajiki mbele siku ile, akae nyuma na wageni ale pilau. Naomi akifika msimwachie aondoke na njaa. Yeye ni mwenzetu huku.

Na binti yangu Mwanasiti, bibi harusi, mpe salamu za peke yake. Mwambie katika yale mambo mengine tuliyozungumza kabla ya salio kuisha, nyanya yake alimuulizia yeye. Alisema mlete naye, kwa sababu watu wamemwambia mtoto amechukua pua yake, naye hawaamini. "Ni kweli, Hadija?" Nikamwambia ni kweli, mama, mpaka anavyoikunja akikasirika. Mama akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi ole wake atakayemuoa."

Dada yako,
Hadija