Kumi na Mbili Ipi?

Jumamosi, Februari 1998. Mvua ya barafu tangu asubuhi.

Shajara, leo sina nguvu hata za kukasirika, na unajua mimi kukasirika sihitaji kusukumwa. Mvua ikigusa lami inageuka kioo. Nimetoka na kurudi mara mbili kwa hatua za bata, begi la kamera nimelikumbatia kifuani, nikijiambia nikianguka nivunjike mimi, kamera isivunjike. Si yangu, ni ya shule ya Neema.

Neema amenipa muda mfupi tu wa laini ya simu, maana mimi nikiwa mtandaoni hakuna anayeweza kutupigia, na kuna rafiki yake anamngoja. Kwa hiyo naandika mbio. Makosa yabaki yalivyo.

Kwa ambaye amefika kwenye ukurasa huu kwa bahati tu: Neema ni binti yangu, yuko mwaka wa mwisho sekondari. Baba Neema ni mume wangu. Nyumbani Tanzania alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo ya Reli ya Kati, ndogo kiasi kwamba abiria wengi walipita pale wamelala. Hapa Toronto alifagia ofisi za watu. Akirudi alikula, akanawa mikono, akakaa kwenye reli yake.

Sebuleni kwetu, mahali ambapo watu wenye akili huweka meza ya chakula, kuna ubao wa mlango uliolazwa juu ya makreti. Juu ya ubao ipo stesheni yake yote, imepunguzwa mpaka mtu mzima ni sawa na punje ya mchele. Bati la paa ni ile karatasi ya mikunjo inayofungia balbu. Tangi la maji ni kifuniko cha dawa ya meno. Vichaka ni majani ya chai yaliyochujwa, na udongo mwekundu ni tofali aliloliokota akalisaga kwenye kinu changu cha vitunguu saumu. Kinu hicho sijakisamehe hadi leo. Chini ya ubao alipitisha nyaya za taa za Krismasi, kila balbu ikawa taa ya jukwaa.

Miaka yote hiyo nilikuwa naiita "takataka zako."

Mwezi wa Novemba alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, na Kiingereza chote kimemtoka. Kiswahili kimebaki vipandevipande: bado, hapana, maji, na namba za kuhesabu. Jina langu halijarudi.

Jumatatu kuna kikao hospitalini. Wataamua arudi nyumbani au apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo. Mimi ndiye ninayewageuza baba za watu kitandani, na nimeona mtu asiye na wa kuongea naye lugha yake anavyonyamaza kidogokidogo, mpaka siku moja unagundua hujamsikia wiki nzima. Sitaki aende huko.

Dada wa hospitalini anayemfundisha kusema tena aliniomba nilete picha za kitu anachokipenda. Nikajua moja kwa moja ni kitu gani.

Nilipiga picha za kwanza kwa flashi. Zikatoka zinang'aa vibaya, kila kitu kinaonekana plastiki, na nyuma ya stesheni inaonekana friji yetu. Nikampelekea Baba Neema hivyo hivyo. Akaziangalia moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. "Bado," akasema. Kisha akajikaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama: "Kumi na mbili."

Wewe unayesoma ukiwa Morogoro umeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Nilidhani anataka picha kumi na mbili. Nikapeleka kumi na mbili. Hapana. Nikadhani anataka jua la mchana, nikaning'iniza taa juu kabisa ya ubao mpaka vivuli vyote vikaisha. Hizo alizisukuma chini kwa mkono wa kushoto, kisha akalia. Sikuwahi kumwona Baba Neema akilia, hata kwenye msiba wa mama yake. Nikaokota picha sakafuni nikajifanya nazipanga.

Basi leo asubuhi nikaamua ni usiku wa manane. Nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikawasha taa zake za Krismasi peke yake, nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikaacha lenzi wazi huku nikihesabu polepole. Nilijiona fundi.

Nikateleza na filamu mpaka kwa Bwana Nurdin, mwenye duka la kusafisha picha hapo chini karibu na stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Ni Muismaili, mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kimekaa vizuri kuliko changu. Picha zikatoka nyeupe pe. Usiku wangu wote umekuwa mchana wa ukungu. Nikaanza kumwakia mbele ya wateja.

"Mama Neema, usinigombeze mimi, igombeze mashine," akasema. "Ikiona giza inadhani umekosea, basi inakurekebishia. Lazima niishike kwa mkono, niipangie mwanga mwenyewe. Hebu niambie, hapa ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Mwenyewe ndivyo anavyosema."

Akainua picha kwenye mwanga, akauliza bila hata kunitazama, "Kumi na mbili ya asubuhi au ya jioni?"

Nikashika kaunta.

Shajara, ninayekosa swali hilo ni mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyewahi kufundisha watoto arobaini kusoma saa kwa kutumia bamba la mbao na mishale miwili. Lakini tulipofika hapa, Neema alipoanza shule, mimi ndiye niliyeweka sheria: ndani ya nyumba hii saa zinasemwa kwa Kiingereza, mtoto asije akachanganyikiwa akaachwa na basi. Baba Neema alibisha kidogo, akatii. Na huku jua lenyewe halisaidii. Kuna miezi linazama mapema mno, kuna miezi watu wanalala likiwa bado linawaka. Ikafika mahali kumi na mbili kichwani mwangu ni chakula cha mchana kazini. Sikuona kumi na mbili yetu ikiondoka.

Kumi na mbili jioni. Saa ya treni ya jioni pale stesheni kwake.

Halafu, nikiwa bado nimeshika kaunta ya Bwana Nurdin, likanijia jambo jingine, na hilo ndilo limenimaliza.

Wiki iliyopita yule dada alimwonyesha Baba Neema saa zilizochorwa kwenye karatasi. Ya kwanza, mshale mfupi kwenye sita. Akasema, kwa tabu, "Kumi na mbili." Neema, aliyekuwa akitafsiri, akasema, "Twelve." Dada akaandika. Ya pili, mshale kwenye tisa. "Tatu." "Three," akasema Neema. Ya tatu, mshale kwenye moja. "Saba." "Seven." Dada akaandika tena, taratibu, kwa uso wa huruma. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nimetoka zamu, naangalia mkono wake uliolala, nashukuru kwamba anayetafsiri si mimi. Nilitikisa kichwa pamoja nao. Nilikubali kwamba mume wangu hajui tena saa.

Alizipata zote, shajara. Hakukosa hata moja.

Na karatasi hiyo ndiyo itakayokuwa mezani Jumatatu.

Nilipiga simu wodini. Muuguzi alikuwa na adabu sana, akasema yule dada hafanyi kazi wikendi, akaniunganisha na mashine yake ya kupokea ujumbe. Jaribu wewe kuieleza mashine kwamba kwetu saa zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kiingereza changu ni cha kuwaambia wazee wainue mkono, si cha mambo haya. Nilikuwa nimefika kwenye "so seven is one, you see" mashine ikakata. Nikapiga tena. Ikakata tena, mapema zaidi.

Nilimweleza Neema. Akasema, "Mama, I said twelve. Mimi ndiye nilisema." Nikamwambia alitafsiri alichofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Akaenda chumbani akafunga mlango. Sikumfuata.

Nikafanya jambo pekee nililoweza. Bwana Nurdin alikuwa amenielekeza: taa iwe chini, usawa wa ubao, ije kwa ubavu, na mbele yake niweke karatasi ya pipi, ile ya rangi ya chungwa. Nikazima taa zote. Ukuta wa stesheni ukawa na rangi ya asali, vichaka vya majani ya chai vikatupa vivuli virefu hadi relini, taa za jukwaa zikaonekana zimewashwa muda huohuo. Nikasikia harufu ya mafuta ya taa ambayo haipo.

Na jukwaani kikatokea kivuli kimoja ambacho sikuwahi kukiona. Taa yetu ya darini inaua vivuli vyote. Nikainama mpaka pua ikagusa reli. Ni punje ya mchele yenye nukta ya njano kichwani, na pembeni yake kipande cha bati kidogo kuliko ukucha.

Nilishuka pale nikiwa na kilemba cha njano na sanduku la bati, mwalimu mpya, sina ninayemjua. Stesheni masta alikuja na kandili mkononi, akaniambia treni leo imewahi dakika nne, kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyeisukuma. Nilimcheka. Miaka yote hii amenisimamisha pale sebuleni, nami napita hapo nikibeba vyombo, nasema takataka.

Nimelia, ndiyo. Kisha nikapiga picha. Kila ninapofungua lenzi na kuanza kuhesabu, treni ya kweli inapita chini ya ardhi, ubao unatetemeka, na mwanamke wa punje anatikisika. Nimefyatua mara saba. Sijui ipi imetulia, sijui kama ipo iliyotulia. Nimempelekea Bwana Nurdin kabla hajafunga, naye ameapa ataishika mashine kwa mkono, nizichukue Jumatatu asubuhi nikielekea kwenye kikao.

Halafu? Nitawaambia nini wale watu? Mke anayetaka mumewe arudi atasema lolote, hivyo ndivyo watakavyofikiri, na mimi mwenyewe kazini nimewahi kuwafikiria wake za watu hivyo. Watamwita mkalimani? Watamwonyesha saa upya, au watasema fomu imeshajazwa? Na akija kweli, mkono mmoja huu, nami zamu zangu, nitamwinua na nani? Sijui.

Ninachojua ni kwamba watakapomuuliza, nitakuwa nimekaa karibu naye, na nitatafsiri mimi.

Neema amefungua mlango, macho mekundu, anataka simu yake. Nje kumeanza kuingia giza na barafu kwenye matawi imeshika wekundu kidogo. Nimemuuliza saa ngapi. "Six," amesema. Amesimama hapo mlangoni, midomo inacheza, anahesabu.

"Kumi na mbili," amesema. "Ya jioni."