Kiatu Kisichosema Kitu

Kapinga, mama yangu mudogo,

Nakuita mama, mwanangu, kwa sababu una jina la mama yangu, na yeye pia akikasirika alikuwa anahama nyumba bila kubamiza mulango. Wewe umehamia Likasi kwa shangazi yako, na simu zangu hazipati mutu. Basi naandika. Naandika kwa Kiswahili cha shule, kile cha mapadri, nilichosoma mpaka mwaka wa sita nikakiacha, maana kilikuwa kimeishiwa na vya kunifundisha. Cha soko kikiponyoka humu, kiokote tu.

Barua hii ni ya wazi. Mama yako ataisoma kwanza na kurekebisha herufi, kisha nitaigongomea misumari kwenye mbao za kibanda chetu hapa soko la Manika, pale pale ninapotundika viatu. Nakala itakuja kwako. Nikifika mbele utaelewa kwa nini.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Balo ya mitumba ikifunguliwa, wauzaji wengine walikimbilia rangi. Wewe ulikuwa unageuza kiatu kwanza, unatazama chini. Ulikuwa hujamaliza hata shule ya primaire, ukaniambia kwamba soli ni karatasi: mwenye kiatu wa kwanza ameandika pale namna alivyotembea. Iliyolika upande mumoja ulikuwa unaitenga. "Papa, usiuzishe mutu mwendo wa mutu mwingine." Mi niliyefika Ndola, Lusaka na Dar es Salaam, niliyelala kwenye hoteli yenye lifti, sikuwahi kusikia muuza viatu akisema neno kama lile. Nikaliiba. Miaka yote hii nawaambia wateja ni langu.

Na futingi yetu, zile mbio za kupima viatu. Ulikuwa unavaa kampuni moja kushoto, kampuni nyingine kulia, unakimbia kutoka sokoni mpaka kwenye reli, unabadilisha, unarudi. Vijana wa taxi-moto wakakubatiza Mademoiselle Tofauti. Mi nilikufuata na baiskeli, tumbo mbele, nikipiga kengele kama msafara wa gavana. Tulikuwa tunatafuta kiatu kimoja tu: cha kila siku, cha mutu ambaye muguu wake hauna shida, kile kinachouacha muguu uende zake. Kwenye maboksi wanakiita neutre. Majina ya makampuni siyaandiki hapa, hawajanipa hata kofia, lakini lugha yetu unaijua: kila kiatu tunakiita kwa alama iliyo ubavuni mwake.

Ya Jani ilikuwa laini kama mukate wa asubuhi, na kama mukate, ukiukalia hauinuki tena. Miezi michache na kisigino kimelala. Ya Mushale ilikuwa nyepesi, inapenda barabara ya lami, lakini mbele ni nyembamba. Ulisema vidole vyako vimekaa humo kama familia nzima kwenye taxi-moto moja. Halafu ya Mawimbi. Sura ya daftari, rangi ya vumbi kabla vumbi halijaifikia, wateja waliipita kama mulango wa jirani. Uliivaa miguu yote miwili, ukaenda, ukarudi, nikakuuliza habari yake. Ukatafuta neno muda mrefu.

"Hii haisemi kitu, Papa."

Nilidhani umeitukana. Kumbe ilikuwa sifa kubwa kuliko zote ulizowahi kutoa.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Wiki ya mbio za vijana wa parokia, balo ilitoa kile kiatu kizito, kipya kabisa, kisigino kama ngazi, na upande wa ndani wa soli kipande cha kijivu. Kibanda kilijaa watu. Nikakiinua juu kama padri na kikombe, nikatangaza kwamba mutoto wangu atakimbia na hiki, na kuanzia hapa mpaka Mutshatsha hakuna atakayeona mugongo wa mwingine isipokuwa wake. Wewe ulikibonyeza kwa kidole gumba, ndani, kisha inje. Ukanisogelea. Ukaniambia kwa sauti ndogo kwamba ndani ni kugumu kuliko inje, kwamba hiki ni cha watu ambao miguu yao inalalia ndani, na kwamba wewe kitakusukuma. Ile sauti ndogo nimeielewa baadaye: ulikuwa unanifunika mbele ya watu. Mi nikajibu kwa sauti kubwa. Nikawauliza wateja kama wamewahi kuona kifaranga kikimuonyesha mama yake njia ya jalala. Wakacheka. Ukavaa, kwa sababu mi ni baba yako.

Ulimaliza wa mwisho, umeshika goti upande wa inje. Watu wakaja kibandani kuniuliza kiatu cha ajabu kimefanya nini, na wewe umekaa pale kwenye stuli yako, mufuko wa maji baridi juu ya goti. Nilikuwa na jina la kulinda. Nikasema:

"Kiatu ni kizuri. Muguu njo mubaya."

Muguu ule. Mi niliyeufuata na baiskeli kila Jumamosi.

Ukautua ule mufuko wa maji juu ya stuli, ukaenda nyumbani. Jumatatu mama yako akakusindikiza kwenye basi.

Goti limepona, mama yako ananiambia. Lakini anasema pia kwamba hukimbii tena, kwamba shangazi yako akikutajia futingi unajibu muguu wako ni mubaya. Tangu nisikie hilo, hata sahani moja ya bukari inanishinda, mi ambaye kwenye bukari sina mupinzani Lualaba nzima.

Juzi balo ikaleta ndugu wa kile kiatu kizito, saizi yangu. Nikavaa hicho kushoto, na Mawimbi moja ya zamani kulia. Nikatoka bila baiskeli. Wauza nyanya walisimama. Mama mumoja akauliza kama ninamukimbia muke au ninakimbia polisi. Kwenye reli sikufika. Karibu na kanisa goti la kushoto likaanza kuuma upande wa inje, pale pale ulipokuwa umeshika. Miguu yako umeirithi kwangu, hata hilo nilikuwa nimesahau kujivunia. Goti la kulia halikusema kitu. Nikakaa juu ya jiwe, nikabonyeza soli kwa kidole gumba, ndani, kisha inje. Hata mutoto angejua. Mutoto alijua.

Basi wateja wasome pamoja na wewe. Siku ile Kapinga alisema kweli. Nilipoona amelishika goti nilijua, na nikachagua jina langu. Muguu wa Kapinga hauna ubaya wowote. Ni mi njo nilikosa. Nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao nakuomba msamaha.

Alhamisi jirani yetu wa vitenge anakwenda Likasi. Anakuletea Mawimbi, saizi thelathini na tisa, soli yake haijaandikwa na mutu. Nilitaka kutuma cha kushoto tu, cha kulia kibaki hapa kikuite. Mama yako akaniangalia. Vyote viwili viko kwenye mufuko.

Sikuambii urudi. Sikuambii ukimbie. Nakuambia tu kwamba asubuhi nikifungua kibanda, mukono wangu bado unaiweka stuli yako upande wa kivuli kabla sijakumbuka, na nikigeuza soli nainua macho ili unisomee, naona mbao.

Ukivivaa siku moja, usinipigie mi, maana nitaongea sana. Mwambie mama yako lile neno lako, kama kweli hivi navyo havisemi kitu, yeye atanifikishia. Baiskeli nimeipaka mafuta, na kengele nimeifungua, iko mufukoni mwangu. Ukinikubali tena nyuma yako, nitakufuata kimya.

Baba yako,
yule wa baiskeli