Pale Peupe Kando ya Pete ya Nanga

Uvira, Jumatano, kabla ya masomo

Mjomba wangu mpendwa,

Nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama hataki niyaseme kwa sauti.

Ule mtumbwi mkuukuu wa pale ufukweni Mulongwe, uliokuwa ukiuchora ulipougua, haupo tena. Ziwa lilipanda likauvunja, na mbao zilizobaki wenye mtumbwi walizikata kuni. Nilikimbia kuutazama, nikakuta mchanga tu.

Nilitaka kuangalia kitu kimoja. Maana ile picha uliyouchora ninayo mimi sasa. Rangi ya buluu inayobambuka ubavuni, kamba iliyooza, pete yenye kutu iliyofungiwa nanga: vyote umevimaliza. Lakini kando ya pete pana mahali peupe, kama upana wa kiganja changu. Hukupaka kitu.

Jumamosi tunaondoa kilio, matanga yako yaishe. Mkeo, Mama Riziki, anataka picha itundikwe ukutani mbele ya wageni. Jana alinikabidhi boksi lako la rangi za maji na burashi zako, akasema, "Ni weye alifundishaka. Maliza, binti yangu. Watu wasiseme aliacha tundu."

Nilifungua boksi. Nilikumbuka siku niliyochora taa ambayo wavuvi huvutia visamaki usiku, ile yenye kioo kilichopasuka, nikapaka kahawia kioo chote. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Ee mama! Umezima taa ya watu! Sasa ndagala watafuata nini?" Kisha ukasema polepole: "Nyeupe haiko mu boksi. Iko mu karatasi. Ukiifunika, haitarudia tena."

Basi jana nilichanganya rangi ya kutu kama ulivyonionyesha, maji mengi, rangi kidogo. Nikaishika burashi juu ya pale.  Tone lilipodondoka nililikinga kwa kiganja, na doa lake bado ninalo, Mjomba, nimeshindwa kuliosha.

Asubuhi ya mwisho ulipouchora mtumbwi, jua lilikuwa linatoka upande wa ziwa, likipiga mbao zilizolowa. Huenda pale ni mng'ao, nawe uliuacha kwa makusudi. Lakini ndiyo asubuhi uliyosema kichwa kinakuuma, ukafunga boksi mapema. Nilikuwa nimekaa karibu yako, nikichonga penseli. Kwa nini sikukuuliza?

Mama anasema ninajisumbua, ni karatasi tu. Usiku sipati usingizi. Nikipaka na kumbe ni jua, nitakuwa nimekuzima wewe.

Nakuahidi sitaacha kuchora vitu vilivyochakaa, makasia yaliyoliwa na maji, vyote ambavyo watu wanaona ni vya kutupa. Pumzika salama, Mjomba. Ni mimi, mtoto wa dada yako, mwanafunzi wako.

Lakini nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa ndoto: pale peupe ni jua, au ndipo ulipochoka?