Ngozi ya Siku Tatu

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na dawa ya kuchua hujamgawia jirani. Mimi ni mzima, ila usingizi sina.

Hapa shambani kwa tajiri kumezaliwa chotara. Baba yake punda milia, mama yake punda wa kawaida. Mwili kijivu, miguu ina michirizi utadhani kaazima soksi za mtu. Mama yake alikufa akimzaa, mikononi mwangu. Chupa anainyonya kidogo tu kisha anaitema. Tumempeleka kwa punda jike mwingine aliyezaa mtoto mfu jana. Kampiga teke, nusura amvunje mbavu. Daktari wa mifugo anasema bila maziwa ya punda hafiki Ijumaa.

Simu ningekupigia, lakini kwa sikio lako ungenijibu "ee, ee" tu. Nampa barua dereva wa basi. Jibu mpe huyohuyo kesho. Uliolewa na mfuga kondoo, Mama. Lazima kuna unachojua.

Mwanao

5 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mguu ni uleule, na dawa nimeshamgawia jirani, kwa hiyo acha kupiga ramli.

Yule mtoto mfu mmemzika? Kama bado, mchuneni ngozi. Msiioshe. Mfungeni nayo huyo chotara, mgongoni mpaka mkiani, maana mama hunusa mkia kwanza. Marehemu baba yako alifanya hivyo kwa kondoo miaka nenda miaka rudi. Siku ya tatu ivueni. Si kabla, si baada. Ikikaa sana huoza, na mtoto ataumia ndani yake.

Ukitapika, tapika pembeni, usinitie aibu.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Mguu? Mimi nimetapika, lakini nyuma ya banda, hakuna aliyeona.

Amekubali! Alimnusa mkiani kama ulivyosema, akatulia, akawa anailamba ile ngozi huku mtoto ananyonya. Siku ya tatu nikaivua roho mkononi. Akamnusa tena, muda mrefu, halafu akamwacha anyonye. Nililia mbele ya daktari, Mama, mtu mzima na akili zangu.

Lakini kuna kitu kinanitisha. Kila jioni jike huyu huenda kwenye kona ya uzio tulipozika mabaki ya mtoto wake, akaanza kulia. Hakutuona tukizika, alikuwa amefungiwa bandani. Chotara yuko ubavuni mwake, kashiba, lakini jike anamwita mwingine.

Jana ndipo nikakumbuka. Wewe nawe, tangu nipate akili, ukimaliza kazi za jioni huenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Nikikuuliza, unasema unapunga upepo. Mama, nyuma ya tangi hakuna upepo. Kuna ukuta.

Na hujawahi kuniita jina langu la kwenye cheti. Dunia nzima inaniita hilo, wewe Chiriku tu. Nilidhani hulipendi.

Nyuma ya tangi kuna nini?

Mwanao

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dereva anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia hakuna jibu. Wewe? Wewe hukosi jibu hata kwa kuku.

Ninayo ile picha yangu ya kwanza. Sweta imenipwaya hata vidole havionekani, na mabegani ina alama za maziwa yaliyokauka. Nyuma bibi kaandika "siku ya pili". Siku ya pili ya nini? Sioni tena mtoto mimi. Naona sweta ya mtu, na kitu kimetiwa ndani. Nimeigeuza ikatazama ukuta.

Naogopa, Mama. Naogopa kwamba miaka yote hii ulikuwa unalamba ngozi. Kama ni hivyo, niambie. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Mwanao

28 Mei

Chiriku wangu,

U hali gani? Mimi si mgonjwa. Nilikuwa mwoga, na uoga hauna dawa ya kuchua.

Nilizaa mtoto wa kike. Aliishi majuma matatu, homa ikamchukua. Siku ya nne baada ya kumzika mkunga akaja na wewe, umezaliwa jana yake, mama yako amefariki na ndugu hawakujulikana. Maziwa yalikuwa yananitoka, lakini nikasema, mtoeni, sitaki kumwona. Bibi yako hakubishana nami. Alikwenda nyuma, akakuvisha sweta ya marehemu haijafuliwa, akarudi akakuweka kifuani kwangu. Alikuwa mama wa mfuga kondoo, si bure.

Sasa sikia. Punda hudanganyika, mimi sikudanganyika. Nilijua si yeye aliyekuwa ndani ya ile harufu. Nilikunyonyesha nikinusa sweta, siku moja, siku mbili. Nisamehe hizo mbili. Siku ya tatu niliivua mwenyewe, hakuna aliyeniambia. Ulipiga kelele nyumba nzima ikasimama, nami nikasema, "Kumbe wewe ni chiriku!" Ndivyo ulivyopata jina.

La kwenye cheti lilikuwa lake. Cheti kilikuwa tayari, tukakuogopea maswali ya ofisi. Hata siku ya kuzaliwa ni yake. Kwa hiyo leo nimekupunguzia umri majuma matatu na ushee, shukuru. Lakini mdomoni mwangu jina hilo halikukugusa hata mara moja. Nalitaja nyuma ya tangi tu, tulikomzika, kwa mwenyewe.

Bado naenda. Sitakudanganya kwamba nimeacha.

Niambie jambo moja. Jike akilia pale konani, chotara wenu hufanyaje?

Mama yako

30 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimesoma mara nne, mara ya mwisho kwa sauti, bandani.

Umeniuliza. Mwanzo alikuwa anakimbilia bandani. Sasa anainua masikio, anaacha majani, anakwenda kusimama kando yake akitazama anakotazama mama yake. Hajui ni nani anayeitwa pale. Anakwenda tu.

Nimeomba ruhusa. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Jioni usitangulie nyuma ya tangi, nisubiri.

Chiriku wako